Jambazi Hana Mama

Nazungumza nanyi, ndugu zangu wa Kashikishi na wa boma la Nchelenge hapa Zambia, wavuvi wa kisiwani Kilwa, nanyi mlioko katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala mnaotusikiliza kwa redio za sola. Na kule ng'ambo, Kilwa ya Kongo na Pweto, kama mawimbi yetu yanafika jioni hii, nazungumza nanyi pia.

Leo tuzungumze sinema. Nataka tuangalie jinsi sinema inavyomwonyesha mtu aliyehama kwao: nyumba yake, makosa yake, na chuki anayokutana nayo huko alikokwenda.

Nianze na filamu ambayo vijana wa vibanda vya video wanaifahamu, kwa kuwa ina risasi nyingi na roboti moja kubwa. Inaitwa District 9. Ilitoka Agosti 2009, na aliyeiongoza ni Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg. Chombo kutoka anga za mbali kinakwama juu ya jiji la Johannesburg. Viumbe waliomo wanateremshwa, wamekonda, hawana mbele wala nyuma, wanawekwa kambini. Miaka inapita, kambi inageuka mtaa wa mabati. Wenyeji wanawachukia, wanawaita kwa jina la mdudu, wanadai wahamishiwe mbali na mji. Kufikia hapo mtu wa Mantapala hahitaji kuelezwa kitu, labda kile chombo tu.

Sasa tazameni jambo moja. Kati ya viumbe hao yumo mmoja aitwaye Christopher Johnson, na ana mtoto. Baba na mwana wanaishi kibandani, wanafanya kazi pamoja kwa siri, na mtoto anauliza habari za kwao. Mtazamaji aliyeingia akiwaona wachafu na wa kutisha anatoka akimwombea yule mtoto afike salama. Humo humo kambini kuna Wanigeria. Hao wanawauzia viumbe chakula cha paka kwa bei ya kukomoa, wananunua silaha, wanaendesha ukahaba, na mkubwa wao, aliyepewa jina la Obesandjo, anakula nyama ya viumbe akiamini atapata nguvu zao. Tafuteni filamu nzima kama mtamwona Mnigeria mmoja anayegombezwa na mkewe, au anayempeleka mtoto shule, au anayepigiwa simu na mama yake. Hamtamwona. Kiumbe wa sayari nyingine kapewa familia, Mwafrika mwenzetu kanyimwa.

Serikali ya Nigeria ilikasirika. Septemba 2009 waziri wa habari wa wakati huo, marehemu Dora Akunyili, alizitaka kumbi za sinema ziache kuionyesha, na akaitaka kampuni ya Sony iombe radhi. Walikuwapo waliomcheka: mama, hiyo ni hadithi ya viumbe wa angani, unakasirikia nini? Lakini nadhani aliona sawasawa. Na kuna kichekesho hapo ambacho wengi hawakijui: aliyeigiza Obesandjo, Eugene Khumbanyiwa, si Mnigeria. Ni Mmalawi, jirani yetu kabisa. Yaani mtu wa Malawi alipata kazi Afrika Kusini, na kazi yenyewe ni kuwa mgeni jambazi wa taifa jingine.

Blomkamp hakuwa mjinga wa jambo alilolishika. Miaka minne kabla, mwaka 2005, alitengeneza filamu fupi iitwayo Alive in Joburg. Alipita mitaani akiwauliza wakazi wanawaonaje Waafrika waliotoka nchi nyingine, kisha majibu yao akayapachika kana kwamba wanawazungumzia viumbe wa angani. Maneno yale ya chuki hayakuandikwa na mtu. Ni ya watu halisi, juu ya watu halisi. Na Mei 2008, mwaka mmoja kabla District 9 haijatoka, fujo za kuwashambulia wageni zilianza mtaa wa Alexandra, Johannesburg, zikaenea, wakauawa watu 62, na maelfu kwa maelfu wakalala kwenye mahema na vituo vya polisi. Kwa hiyo mwongozaji alijua. Hata hivyo ulipofika wakati wa kutafuta mhalifu wa filamu yake, alinyoosha mkono akachukua yule yule ambaye mtaa ulikuwa tayari umemhukumu.

Kwa nini inakuwa hivyo? Sioni njama kubwa hapo. Sinema ya ujambazi inakwenda mbio, na familia inapunguza mwendo. Ukimpa jambazi mama, na huyo mama ukamweka mlangoni anachambua dagaa, mtazamaji atasita kumshangilia polisi anapofyatua risasi. Mtengeneza filamu anataka ushangilie, ndiyo maana anamfyeka mama mapema, tena mara nyingi hata kwenye karatasi hamwandiki. Basi wewe kijana wa Kashikishi, ukiona mhalifu mgeni hana jikoni, hana dada, hana deni la karo, jua kuna mtu aliyevitoa.

Mtu atasema: mbona Mkubwa wa Mafia ana familia? Kweli. The Godfather, ya mwaka 1972, inafunguliwa kwa harusi, tena harusi ndefu: kuna keki, muziki, bibi, watoto wanaokimbizana. Mauaji yanakuja baadaye, na yanapokuja tayari sisi ni wageni waalikwa wa ile nyumba. Aliyeiongoza, Francis Ford Coppola, ametoka katika ukoo wa wahamiaji wa Kitaliano. Alijua harusi za kwao zikoje. Kabla haijapigwa picha, Wataliano wa New York walipiga kelele kwamba filamu itawachafulia jina, wakapigania hata neno Mafia liondolewe kwenye maandishi, na likaondolewa. Walikuwa na chama, wanasheria na sauti. Mnigeria wa Johannesburg alikuwa na waziri mmoja Abuja, tena filamu ilishafika sokoni.

Kuna na huyu Tony Montana, mpendwa wa fulana za mitumba ya salaula. Filamu ni Scarface ya mwaka 1983, imeongozwa na Brian De Palma. Tony ni Mkuba aliyefika Marekani mwaka 1980, katika ule mkururo wa mashua uliovusha Wakuba wapatao 125,000. Wakuba wa Miami waliipinga filamu hiyo vikali hata sehemu kubwa ya upigaji picha ikahamishiwa Los Angeles. Hofu yao ilikuwa ya maana: kati ya watu wote hao, wafua nguo, mafundi, walimu, kamera ilimchagua mwuza kokeini. Lakini filamu hiyo ina kipande kimoja ambacho watazamaji wetu huwa wanakitumia kutoka nje kununua maji. Tony anamwendea mama yake na pesa. Mama anafanya kazi ya mikono, nyumba yake ndogo na safi. Anamfukuza na pesa zake, akimwambia kwamba watu wa aina yake ndio wanaowatia aibu wahamiaji wanaotafuta riziki kwa jasho. Hicho ndicho kipande cha kweli kuliko vyote mle ndani, na kinapita upesi. Fulana zenye uso wa Tony nimeziona nyingi sokoni. Yenye uso wa mama yake sijawahi kuiona.

Sasa twende kwetu, kwa wanaosema Kiswahili.

Mwezé Ngangura alizaliwa Bukavu mwaka 1950. Wakubwa mnamkumbuka kwa La Vie est Belle ya mwaka 1987, aliyoitengeneza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, ile ambayo Papa Wemba anaigiza mwanamuziki anayetafuta maisha Kinshasa. Mwaka 1998 Ngangura alitoa nyingine, Pièces d'identités, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo kuu ya tamasha la FESPACO huko Ouagadougou, ile sanamu ya farasi wa dhahabu. Hii ndiyo ningependa ipigwe kila kibanda cha ufuko huu kabla ya roboti.

Mzee anaitwa Mani Kongo. Ni mfalme wa kwao. Alimpeleka binti yake Mwana Ubelgiji akiwa bado mtoto, akasome awe daktari, halafu barua zikakoma. Mzee anavaa kofia yake ya kifalme, anachukua fimbo yake, anapanda ndege kwenda Brussels kumtafuta. Huko heshima yake haimfai kitu. Kwa ofisa wa uwanja wa ndege, kwa mpangishaji, kwa polisi, yeye ni mzee mweusi mwenye makaratasi ya kutiliwa shaka. Pesa zinamwishia, na vile vitu vya ufalme vinaishia mikononi mwa mfanyabiashara wa vitu vya kale. Binti naye hakuwa daktari. Amepitia gerezani, anacheza dansi kwenye klabu ya usiku, na anaona haya kutafutwa. Pembeni yupo kijana chotara, Chaka-Jo, anayeishi kwa wizi na kuhangaika kujua asili yake.

Hesabuni wenyewe: gereza limo, wizi umo, klabu za usiku zimo, na dharau ya rangi imejaa tele, hata ya Wabelgiji wazee waliowahi kutawala Kongo na bado wanatuita kama watoto. Polisi wa Brussels akiandika ripoti yake, ataandika mhalifu na mcheza dansi, basi. Ngangura ametanguliza baba. Kwa sababu ya yule baba, kila kosa la binti tunalipokea kama habari ya nyumbani, jinsi tunavyopokea habari za mtoto wa shangazi aliyepotelea Lubumbashi. Tunauma midomo. Hatuulizi kama ana hatia, tunauliza amekula? Na filamu haimfichi wala haimtetei. Amefungwa, imesemwa.

Ipo kasoro, na nisipoitaja nitakuwa nimewapaka mafuta. Wazungu wabaya wa filamu ile wametiwa chumvi mno, wanaongea kama mabango. Na ufalme wa Mani Kongo unarahisisha mambo: je, angekuwa mvuvi wa chisense, wale dagaa wetu, anayemtafuta binti yake? Hana kofia ya kifalme ya kupoteza. Machozi yake yangehitaji mwongozaji stadi zaidi.

Miaka 17 baadaye, katika jiji lile lile, ikaja Black. Waongozaji ni vijana wawili Wabelgiji wenye asili ya Moroko, Adil El Arbi na Bilall Fallah. Ilianza kuonyeshwa Ubelgiji Novemba 2015, mwezi ule ule ambao Paris ilishambuliwa na jina la mtaa wa Molenbeek wa Brussels likasambaa duniani. Mavela, binti wa miaka 15 mwenye asili ya Kongo, yumo katika genge la vijana weusi wa Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Anampenda Marwan, wa genge la vijana wa Kimoroko. Mnajua itakavyoisha. Waigizaji waliwatafuta mitaani, na wale watoto wanaigiza hadi nywele zinakusimama. Wazazi wasiwaonyeshe watoto wadogo. Mna ubakaji humo, na umepigwa picha bila huruma.

Mimi nauliza swali moja: jioni Mavela anarudi wapi? Nyumbani kwao tunaingia kwa kuiba. Mama anapita kama mtu aliyekuja kukopa chumvi. Wamoroko wale wawili walipiga picha genge lao na genge la wengine kwa kipimo kimoja, hilo nawapa, hawakupendelea. Lakini mtaa mzima wenye makanisa, wasusi, maduka ya mboga ya pondu na samaki wa kukaushwa, unabaki mahali pa visu. Filamu ikawafungulia njia hadi Hollywood. Mwaka 2020 ndio walioongoza Bad Boys for Life. Matonge ilibaki pale ilipo, na sifa mpya.

Kwa upande wa Nairobi sitakaa sana. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, ya David Tosh Gitonga, ni ya kijana Mwas anayetoka kijijini kwenda mjini kuwa mwigizaji, akaibiwa siku ile ile ya kwanza, akaishia genge la wezi wa magari. Si mgeni wa nchi, ni mgeni wa jiji. Lakini tuliona nyumba yao kabla hatujaona bastola, tukamwona mama anavyomuaga. Inatosha.

Uganda nataka kukaa kidogo. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Miaka 19 baadaye Mira Nair, mwongozaji mzaliwa wa India, akatoa Mississippi Masala, sehemu yake ikiwa imepigwa picha Kampala. Katika kuitafiti alikutana na profesa Mahmood Mamdani, ambaye naye alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa, wakaoana. Mtoto wao Zohran, aliyezaliwa Kampala, ndiye aliyechaguliwa meya wa New York mwaka 2025. Lakini hiyo ni filamu nyingine.

Jay ni mwanasheria Mhindi, mzaliwa wa Uganda, hana kwao kwingine. Anafukuzwa na mkewe Kinnu na binti yao Mina. Njiani askari wanamshusha Kinnu kwenye basi na kumdhalilisha. Wanaishia Mississippi, Marekani, katika nyumba ya wageni ya ndugu zao. Kinnu anauza pombe kwenye duka dogo, Mina anasafisha vyumba, na Jay anaandika barua kwa serikali ya Uganda akidai nyumba yake. Mina anampenda Demetrius, Mmarekani mweusi anayesafisha mazulia, aliyeigizwa na Denzel Washington. Basi moto unawaka. Jay, mtu aliyetupwa nje ya nchi kwa ajili ya rangi yake, anamkataa kijana kwa ajili ya rangi yake, na kijana anamwambia usoni. Wahindi wenye nyumba za wageni wanamnyima Demetrius kazi. Benki nayo inaanza kumsumbua.

Katika filamu hiyo hakuna jambazi. Kuna meza ya chakula, kuna harusi, kuna shangazi wanaonong'ona, kuna mkopo. Kosa kubwa la jinai ni la dola, lile la Kampala. Na bado chuki ya rangi inaonekana waziwazi kuliko katika filamu kumi za polisi, kwa sababu imeonyeshwa mahali inapolelewa, sebuleni, na watu wanaopendana. Lawama yangu ni Okelo, Mganda, rafiki wa Jay tangu utotoni, aliyehangaika hadi kuhonga ili Jay atolewe rumande. Anawapenda sana. Mke wake, watoto wake, siwakumbuki. Hata mtu makini kama Mira Nair aliposambaza familia kwa waigizaji, zilimwishia kabla hajamfikia Mwafrika wa Kampala.

Na sisi je? Msije mkadhani nawasema watu wa mbali tu.

Wapo hapa wasikilizaji waliotoka Likasi na Kolwezi. Mwaka 1992 na 1993 mlikuwapo, au wazazi wenu walikuwapo. Watu wenye asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa Katanga na reli na migodi enzi za Wabelgiji, wengine wakiwa wamezaliwa pale pale na hawajui Kasai ikoje, waliambiwa warudi kwao. Wakaitwa bilulu, wadudu. Johannesburg ya sinema haikubuni kitu. Familia nzima zililala kwenye stesheni ya Likasi zikisubiri treni, wiki baada ya wiki, watoto wakifa kwa maradhi. Wanasiasa walisema Wakasai wamejaza kazi zote, kwamba ni wezi wa riziki. Filamu ya hadithi juu ya stesheni ile, ya mama anayepika ugali wa bukari kati ya magodoro na cherehani, sijaiona bado. Ngangura, kama unanisikia, una nguvu?

Kilwa ya Kongo ilifika kwenye televisheni za mbali kwa namna nyingine. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini. Jeshi la serikali likaja kuwaondoa, likitumia magari na ndege za kampuni ya Anvil Mining, iliyokuwa ikichimba shaba na fedha Dikulushi na kuvusha mawe yake ziwani kupitia upande wetu. Waliuawa watu zaidi ya 70. Wengi walikimbilia porini, wengine wakaingia mashuani. Juni 2005 kipindi cha Four Corners cha ABC ya Australia kilionyesha taarifa iliyoitwa The Kilwa Incident, ikiuliza kampuni ilikuwa na mkono gani. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia watuhumiwa kwa mauaji yale. Miaka kumi baadaye, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikatangaza kwamba serikali ya Kongo iwalipe waathirika fidia ya dola milioni 2.5. Wanahabari wale walifanya kazi yao, na bila kamera yao wenye kampuni wasingeulizwa swali lolote. Lakini mtazamaji wa Sydney alibaki na nini? Magari, ndege, makaburi. Nani aliwapokea waliovuka ziwa, walilala chumba cha nani, chungu kiligawanywa vipi, mtoto wa mwenyeji alisogea upande gani wa mkeka: hayo si kazi ya wapelelezi. Ni kazi ya sinema, na sinema haikufika.

Ikafika 2017 na 2018. Vita vya Katanga ya Juu na Tanganyika vikaleta maelfu wengine. Kituo cha wakimbizi cha Kenani kikajaa, Mantapala ikafunguliwa Januari 2018 hapa hapa wilayani kwetu, mashamba yakapimwa, zahanati na shule zikapangwa zitumike na wakimbizi na wenyeji pamoja. Ni mpango mzuri kuliko kambi nyingi ninazozijua. Lakini nyavu zikiibwa usiku, ng'ombe akipotea, simu ikichomolewa sokoni, ni taifa gani linalotajwa kwanza? Mnalijua. Na mvuvi wetu anapovuka mpaka kwenda ng'ambo Desemba, uvuvi ukiwa umefungwa huku hadi mwisho wa Februari, huko kwenyewe yeye ndiye mwizi. Maji ni yale yale, na mashua inayompeleka mtu mwema inamrudisha mshukiwa.

Lusaka, Aprili 2016, ilikuwa mbaya zaidi. Katika mitaa ya Zingalume na George zilikuwa zimekutwa maiti zilizokatwa viungo. Uvumi ukasema ni Wanyarwanda wenye maduka, wanafanya uchawi wa biashara. Watu wakavunja maduka, wakabeba unga, sukari, friji. Zaidi ya 200 walikamatwa. Watu wawili walichomwa moto wakafa, na baadaye serikali ikasema wote wawili walikuwa Wazambia.

Chukueni muuza unga mmoja Mnyarwanda wa Zingalume, aliyekimbia mauaji ya Rwanda akiwa kijana, akafungua duka, akaoa, akasomesha: kwa majirani alikuwa muuza duka tu. Hakuna aliyekuwa amekaa jikoni kwake. Siku uvumi ulipokuja, ulikuta nafasi tupu ukajijaza. Sisemi filamu ingezuia mawe. Watu walitaka na sukari pia.

Sasa, barua za wasikilizaji huwa zinanikumbusha: wewe mtangazaji unawatetea wezi, kwani wageni hawaibi? Wanaiba. Wamo wanaoiba nyavu, wamo wanaovusha bidhaa usiku, na wenyeji wamo wanaowanunulia. Sitaki filamu ya wakimbizi malaika. Za namna hiyo mashirika yameshatutengenezea za kutosha, zina muziki wa piano na mtoto anayetabasamu mwishoni, na kibandani hakuna anayezilipia.

Nataka hivi. Kijana wa Mantapala ameshikwa kwa wizi wa nyavu. Filamu ya kawaida itaanza usiku ziwani, tochi, makasia, kelele. Mimi ningeanza asubuhi inayofuata. Mama yake anatakiwa mahakamani bomani. Kwanza apate kibali cha kutoka makazini, ofisi haijafunguliwa. Kisha apate nauli. Jirani Mzambia anamkopesha, halafu anaanza kujuta kwa sauti. Mahakamani lugha ni Kiingereza na Kibemba, yeye ana Kiswahili, na mkalimani ni mtoto wa shule. Upande wa pili wa benchi ameketi mwenye nyavu, ambaye nyavu zenyewe ni za mkopo, na mkewe kamwambia asirudi bila kitu. Kijana labda ameiba kweli. Mwandike ameiba. Mwache na mdogo wake wa kike, anayejua, amekaa kimya.

Simu za kurekodia mnazo. Waigizaji wamejaa sokoni Kashikishi, wanaigiza kila siku bei ya samaki ikishuka. Gharama kubwa itakuwa mafuta ya mashua, na hiyo mkiandika vizuri mnaweza msiihitaji, kwa kuwa ziwani hatuendi. Mkimaliza leteni hapa studio, tutaitangaza bure.

Dakika zangu zimekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Zinafuata salamu zenu.